Longonot: Panga kushuka kabla ya kupanda

Kama umewahi kusafiri kutoka Nairobi kwenda Narok au Naivasha kwa barabara ya Maai Mahiu, bila shaka umeuona. Gari linapoanza kuteremka ukuta wa Bonde la Ufa, pale wachuuzi wanapoanika ngozi za kondoo na kofia za manyoya kando ya barabara, tazama mbele. Utaona mlima umekaa peke yake uwandani, mfano wa chungu kikubwa kilichomeguka mdomo. Huo ndio Longonot.

Watoto wakiuona huuliza, "Baba, kule juu kuna nini?" Nawe hujibu, kama wazazi wote wanavyojibu, "Tutaenda siku moja." Siku hiyo huwa haifiki. Makala haya yanakusudia kukusaidia kuifikisha, uende na jamaa yako au na wanafunzi wenzako, na zaidi ya yote, mrudi nyumbani nyote mkiwa wazima.

Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nusura nirudi na mtoto mgonjwa mahututi, na kosa halikuwa la mlima. Lilikuwa langu.

Mlima wenyewe

Longonot ni volkano iliyolala. Jina lake limetokana na lugha ya Wamaasai, na maana yake ni mlima wenye migongo mingi iliyosimama. Ukiutazama kutoka mbali utaelewa mara moja, kwa kuwa ubavu wake wote umechongwa na maji ya mvua, migongo na makorongo yakifuatana tangu juu hadi chini.

Kilele chake kiko mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Tangu mwaka wa 1983 mlima huu umekuwa mbuga ya kitaifa, na unasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kutoka Nairobi ni mwendo wa kilomita 90 hivi. Hauna barafu kama Mlima Kenya, na hauhitaji kamba wala hema. Unaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni ukalala kitandani mwako.

Juu ya mlima hakuna ncha moja kama ilivyo katika picha za watoto. Kuna shimo kubwa la duara, ambalo wataalamu huliita kasoko, na kulizunguka kuna ukingo mwembamba unaopanda na kushuka, kilima baada ya kilima. Kilele halisi ni kimoja tu kati ya vilima hivyo, upande wa magharibi. Ukingo huo uko wazi. Ni mawe, vumbi la majivu ya kale na vichaka. Ndani ya shimo, chini kabisa, kuna msitu wa kijani kibichi ambao ukiutazama kutoka juu miti yake huonekana kama sukumawiki shambani, na kwenye kuta zake mvuke hufuka hapa na pale, ishara kwamba moto wa chini haujazimika kabisa. Mnamo Machi 2009 moto wa nyika uliuteketeza mlima huu hata ndani ya shimo, lakini mimea imeota tena.

Ukiwa juu, unaliona Ziwa Naivasha limetandazwa chini yako. Upande wa kusini uko mlima Suswa, mashariki safu ya Aberdare, na magharibi mvuke wa Olkaria, wanakozalisha umeme kwa joto la ardhini. Mwanafunzi aliyekariri habari za Bonde la Ufa kitabuni akisimama hapo dakika kumi, hatazisahau tena.

Sasa tazama hesabu. Langoni ni kama mita 2,150 juu ya usawa wa bahari. Kutoka langoni hadi ukingoni ni kilomita 3 hivi za kupanda. Kuzunguka ukingo ni kilomita 7.2. Kisha kuna zile kilomita 3 za kurudi langoni. Jumla inapita kilomita 13, na sehemu kubwa haina kivuli. Watu wengi huitazama ile ya kwanza tu, wakasema, "Kilomita tatu ni nini?"

Siku niliyojifunza

Nami nilisema hivyo hivyo. Miaka kadhaa iliyopita nilimchukua mama watoto, kijana wetu wa miaka kumi na minne na binti wa miaka kumi, tukaenda Longonot. Tulichelewa kuondoka nyumbani kwa sababu ya kupika chapati. Tukachelewa tena njiani, tukaanza kupanda saa nne unusu. Kila mmoja alikuwa na chupa moja ya maji, basi.

Tulifika ukingoni saa sita jua likiwa utosini. Watoto walifurahi ajabu. Tulipinda mkono wa kulia kuelekea kilele, na mahali pengine ilitubidi kushika mawe kwa mikono. Saa saba unusu tulikuwa kileleni tukipiga picha. Maji yalikuwa yamebaki chupa moja kwa watu wanne.

Mama watoto akasema, "Sasa turudi tulikotoka." Alikuwa na haki. Kilele kiko karibu ukianzia mkono wa kulia, na duara lililobaki ni refu kuliko lile ulilokwisha kutembea. Lakini nilikuwa nimewaahidi jirani zangu kwamba tungezunguka mlima mzima. Nikasema, "Tumekwisha kufika juu, kilichobaki ni mteremko." Maneno hayo yalikuwa ya uongo, ila sikujua.

Baada ya saa moja binti yetu aliacha kuongea. Mtoto wa miaka kumi akinyamaza, mzazi afunue macho. Halafu akasema kichwa kinamuuma, akaketi juu ya jiwe, akatapika. Maji hatukuwa nayo. Kivuli hakikuwapo. Nilitazama mbele, nikatazama nyuma, nikaona kote ni mbali sawasawa. Nakuambia msomaji, miguu yangu iliishiwa na nguvu, na si kwa uchovu.

Mungu si Athumani. Nyuma yetu walitokea wanafunzi watano wa chuo. Msichana mmoja akaja akanishika bega, akasema, "Mzee, tumtafutie kivuli kwanza." Wakatandaza leso mbili juu ya kichaka, wakamlaza chini yake, wakamvua viatu, wakamlowesha shingo na kichwa, wakamnywesha maji yenye glukosi, funda moja moja. Nusu saa nzima walikaa nasi. Kisha wakapokezana kumbeba hadi tulipokutana na njia ya kushukia. Tulifika langoni giza likianza kuingia, na askari wa mbuga walikuwa wamekwisha kufungua daftari kuangalia ni nani hajarudi.

Wahenga hawakukosea waliposema kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Tangu siku hiyo, mlima wowote naupanga kuanzia mwisho wake.

Saa ndiyo kiongozi

Panga hivi. Jiulize kwanza, "Nataka kuwa langoni nikirudi saa ngapi?" Mbuga hufungwa saa kumi na mbili jioni, lakini wewe sema saa tisa alasiri, ili ubaki na akiba ya saa tatu kwa lolote litakalotokea. Kisha hesabu ukirudi nyuma.

Kushuka kutoka ukingoni hadi langoni ni saa moja hadi moja unusu. Kuzunguka ukingo kwa mtu mzima mwenye afya ni saa tatu, na ukiwa na watoto weka saa nne. Kupanda ni saa moja hadi moja unusu. Ukijumlisha kwa mwendo wa mtoto unapata saa saba. Kwa hivyo ili urudi saa tisa, ni sharti uanze kupanda saa mbili asubuhi, na uondoke Nairobi kabla ya saa kumi na mbili. Chapati zipikwe Jumamosi usiku!

Kisha weka saa ya kugeuka, na kila mtu aijue kabla ya kuondoka. Mimi huweka mbili. Ya kwanza: ikiwa imefika saa tano asubuhi na hamjafika ukingoni, siku hiyo ukingo ndio mwisho. Tazameni shimo, kuleni, mteremke. Ya pili: mkifika kileleni na maji yamepungua kupita nusu, au kuna mtu yeyote anayelalamika, rudini kwa njia mliyojia. Msibishane. Saa ya kugeuka haijadiliwi juu ya mlima, kwa sababu juu ya mlima kila mtu ana hamu, na mwenye hamu hana hesabu.

Kufika langoni

Mwenye gari apite Maai Mahiu kuelekea Naivasha. Chini ya mteremko utaona kanisa dogo mno kando ya barabara, lililojengwa na mateka wa vita Waitaliano waliotengeneza barabara hiyo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ukipita mji wa Maai Mahiu, endelea hadi mji mdogo wa Longonot, ambako ndiko unakopinda kwenda langoni.

Usiye na gari, uliza kabla ya kupanda matatu. Magari mengi ya Naivasha hupita barabara ya juu, na yatakushusha Naivasha mjini, mbali na unakokwenda. Tafuta linalopita Maai Mahiu. Kutoka mji wa Longonot hadi langoni chukua bodaboda, uhifadhi miguu yako kwa ajili ya mlima. Elewana na mwenye bodaboda kabisa atakurudia saa ngapi.

Ada za kuingia hubadilika, kwa hivyo ziulize KWS kabla ya siku yenyewe. Usitegemee noti mfukoni, kwani malipo ya mbuga siku hizi hufanywa kwa njia ya eCitizen. Lipa mapema ukiwa nyumbani ambako mtandao haukusumbui. Wanafunzi wasisahau vitambulisho vya shule au chuo.

Langoni, andikisha jina lako na idadi ya watu wako. Usilione kuwa jambo la kupoteza wakati. Lile daftari ndilo lililofanya askari wale watungoje. Uliza pia hali ya njia na kama nyati wameonekana karibu. Huu ni mlima wa wanyama: pundamilia, twiga na swara huonekana chini, na nyati wapo. Msitawanyike, na ukimwona mnyama usimsogelee kwa ajili ya picha.

Cha kubeba

Maji kwanza, na maji mwisho. Lita tatu kwa mtu mzima na mbili kwa mtoto si nyingi. Juu ya mlima hakuna bomba, kijito wala duka. Tena kumbuka kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020, chupa za plastiki za kutumiwa mara moja na kutupwa zimepigwa marufuku katika mbuga za kitaifa. Beba chupa za kudumu au mtungi mdogo. Usiwape watoto maji yao yote wayabebe, watayamaliza kabla ya ukingo. Gawa: theluthi moja ya kupanda, theluthi moja ya kuzunguka, theluthi moja isiguswe hadi mkianza kushuka.

Chakula kiwe cha kutia nguvu upesi na kisichoharibika kwa jua: ndizi, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, njugu, chapati. Ongeza pakiti ya glukosi na chumvi kidogo.

Kuhusu mavazi, vaa kofia yenye ukingo mpana na shati la mikono mirefu. Beba sweta hata kama asubuhi ni nyeupe, kwa sababu upepo wa ukingoni hukausha jasho ghafla. Viatu viwe vilivyokwisha kuzoeana na mguu, vyenye soli ya meno. Raba mpya zilizonunuliwa jana zitakutoa malengelenge kabla ya saa nne. Kata kucha za vidole vya miguu. Utanishukuru wakati wa kuteremka.

Ongeza leso mbili, bendeji, plasta, tochi, filimbi, na simu iliyojaa moto. Simu hiyo usiimalize kwa picha. Leso zilizomkinga binti yangu na jua hazikuwa na uzito wowote begini.

Kupanda na kuzunguka

Anzeni polepole. Yule aliye mdogo au mzito ndiye atangulie, wengine wafuate mwendo wake. Mkimweka nyuma, kila mnapomngoja nyinyi hupumzika, naye akifika mnaondoka, hivyo yeye hapumziki kamwe. Msomaji wa Mombasa au Malindi aongeze saa moja kwenye hesabu yake, maana mapafu yaliyozoea pwani hulalamika mahali pa juu.

Mkifika ukingoni, ketini robo saa. Hapa ndipo uamuzi ulipo. Pimeni maji, tazameni saa, tazameni mawingu, na mtazame kila mtoto usoni. Si aibu kuishia hapo. Mandhari ya shimo kutoka ukingoni ni ile ile, na watu wengi wenye hekima huishia papo hapo.

Mkiamua kuzunguka, mkono wa kulia unawafikisha kileleni mapema, nguvu zikiwapo. Njia ina mawe yanayoteleza na mahali pengine ni nyembamba, huku shimo na huku bonde. Shika mtoto mkono upande wa ndani. Hakuna kukimbizana, hakuna kurusha mawe shimoni, na hakuna kupiga picha huku ukirudi kinyumenyume.

Jueni pia dalili za jua kumzidi mtu: kunyamaza, kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kutapika, kuyumba. Mkiona moja, simameni. Kivuli, maji funda moja moja, kumlowesha mwili, kisha kugeuka. Akianza kuchanganyikiwa au kupoteza fahamu, pigeni simu langoni kuomba msaada bila kuchelewa. Kwa hivyo iandikeni nambari yao asubuhi.

Kushuka

Wengi huumia wakati huu. Njia ni vumbi jepesi juu ya mwamba, na ukiikanyaga kwa haraka mguu hukimbia mbele yako. Piga hatua fupi, kunja magoti kidogo, teremka kwa kupindapinda badala ya kwenda moja kwa moja. Fimbo ni msaada mkubwa. Kijana anayejiona shujaa kwa kuteremka mbio ndiye atakayebebwa.

Nayo mvua isikudanganye. Masika huanza Machi hadi Mei, na vuli Oktoba hadi Desemba. Miezi mizuri ni Januari na Februari, na Juni hadi Septemba, ingawa Julai asubuhi huwa na ukungu na baridi. Katika msimu wa mvua mawingu hukusanyika baada ya adhuhuri. Ukisikia radi ukiwa ukingoni, wewe ndiwe kitu kirefu kuliko vyote hapo. Teremka mara moja. Wala usitembee ndani ya makorongo. Jirani kabisa na Longonot, katika bonde jembamba la Hell's Gate, mafuriko ya ghafla yaliwaua wageni mwaka wa 2012, na tena mwaka wa 2019. Maji huweza kukufikia kutokana na mvua ambayo hukuiona wewe.

Mara ya pili

Mwaka uliofuata binti yangu aliomba turudi. Mama yake alinitazama bila kusema neno, nikaelewa. Nilimvua mkono wangu saa nikamfunga yeye, nikamwambia, "Leo wewe ndiwe mkubwa. Saa ya kugeuka ikifika, sema."

Tulianza kupanda saa mbili kasorobo. Tulifika ukingoni mapema, tukashika njia ya kilele. Lakini kijana alijikwaa akateguka kifundo kidogo, tukamfunga bendeji, tukaenda pole. Kilele kilikuwa mbele yetu, tunaona watu wamesimama juu yake, tukisikia hata vicheko vyao. Labda ilikuwa dakika kumi na tano tu. Binti akatazama saa, akanitazama mimi.

"Baba," akasema, "imefika."

Nataka kukiri mbele yako, msomaji, kwamba mdomo ulifunguka nimwambie tuongeze kidogo. Nikaufunga. Tukageuka. Tulikula chapati zetu ukingoni, tukilitazama ziwa, na saa nane tulikuwa langoni tunaandika katika daftari kwamba sote wanne tumerudi. Katika chupa zetu maji yalikuwa bado yamebaki.

Jumapili ijayo, basi, watoto wakiuliza kule juu kuna nini, usiwajibu tena kwamba mtaenda siku moja. Chukueni kalenda na kalamu, mketi mezani. Andikeni kwanza saa ya kurudi. Mengine yatafuata.